Jina la Kikoa na Jasho la Mwandishi: Changamoto za Kibiashara za Kuwajengea Tovuti Wawekezaji wa Majina, kwa Kurejelea Garissa na Kaskazini Mashariki mwa Kenya

Ikisiri

Makala haya yanachunguza changamoto za kibiashara zinazomkabili mjenzi wa tovuti anayefanya kazi kwa ajili ya mwekezaji wa majina ya vikoa, yaani mtu anayesajili au kununua majina ya mtandaoni kwa nia ya kuyauza baadaye kwa faida. Mjadala umejikita Garissa na eneo la Kaskazini Mashariki mwa Kenya, ambako mhitimu wa Kiswahili anaweza kuajiriwa kuyajaza majina hayo maandishi. Hoja kuu ni kwamba maandishi ndiyo yanayolipa jina thamani ya kudumu, ilhali desturi ya biashara hii humpa mwenye jina thamani hiyo na kumwachia mwandishi hasara. Makala yanajadili malengo yanayokinzana, malipo, wingi wa maudhui hafifu, tahajia, sheria na uhuishaji wa majina, kisha yanatoa mapendekezo kwa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Kwa muda mrefu mhitimu wa Kiswahili nchini Kenya ametarajiwa kuwa mwalimu, mtangazaji, mhariri au mfasiri. Ujio wa intaneti umeongeza kazi nyingine katika orodha hiyo, nayo ni uandishi wa maudhui ya tovuti. Nyaya za chini ya bahari za TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa mwaka 2009, zikifuatwa na EASSy mwaka 2010, mwandishi aliye mbali na Nairobi alipata nafasi ya kufanya kazi hii bila kuhama. Garissa, mji ulio kando ya Mto Tana yapata kilomita 370 kutoka Nairobi, ni mfano mwafaka. Mji huu uliokuwa makao makuu ya Mkoa wa Kaskazini Mashariki, eneo ambalo tangu mwaka 2013 lina kaunti tatu za Garissa, Wajir na Mandera, una soko la mifugo linalojulikana kote Afrika Mashariki. Una pia Chuo Kikuu cha Garissa, kilichopata hadhi kamili ya chuo kikuu mwaka 2017.

Hata hivyo, kazi kuwepo ni jambo moja, na kazi kumlipa mtendaji ni jambo jingine. Miongoni mwa wateja wa mjenzi wa tovuti yumo mwekezaji wa majina ya vikoa. Mteja huyu hafanani na mwenye duka anayetaka kuonyesha bidhaa zake. Bidhaa yake ni jina lenyewe. Tofauti hiyo ndiyo inayozaa changamoto tunazozijadili.

2.0 Dhana ya kikoa na biashara ya majina

Neno kikoa lilikuwepo katika Kiswahili kabla ya kompyuta. Maana yake ya asili ni ulaji wa shirika, ambapo kila mshiriki hutoa mchango au hushika zamu yake ya kuandaa chakula. Wataalamu wa istilahi za tarakilishi walilichukua neno hili kutajia eneo la mtandao lenye jina lake maalumu. Msomaji mwenye jicho la kifasihi hatakosa kuona kejeli iliyojificha hapa. Katika kikoa cha zamani, asiyetoa hakuli. Katika kikoa cha mtandaoni, mmoja anaweza kuandaa chakula chote na mwingine akaondoka na sahani.

Jina la kikoa ni anwani. Anayelisajili hulipa ada, kwa kawaida ya kila mwaka, na kwa muda huo hakuna mwingine awezaye kulitumia. Kwa kuwa jina moja haliwezi kushikwa na wawili kwa wakati mmoja, maneno mafupi na yenye mvuto yakawa bidhaa. Mfano unaotajwa mara kwa mara ni wa jina Business.com. Mwaka 1997 lilinunuliwa kwa dola 150,000 za Marekani, na mwaka 1999 likauzwa kwa dola milioni 7.5. Baadaye lilijengewa orodha kubwa ya taarifa za kibiashara, na mwaka 2007 kampuni iliyokuwa imejengwa juu ya jina hilo iliuzwa kwa dola milioni 345. Haina maana kwamba jina tupu haliuziki, kwani Voice.com liliuzwa mwaka 2019 kwa dola milioni 30. Majina ya aina hiyo, lakini, ni machache mno. Majina mengi hukaa miaka bila mnunuzi, na hapo ndipo mwekezaji humtafuta mjenzi wa tovuti.

Tukiazima istilahi za Ferdinand de Saussure, ambaye mihadhara yake ilichapishwa mwaka 1916, tunaweza kusema kwamba jina lisilo na tovuti ni kiashiria kinachosubiri kiashiriwa. Mwekezaji huuza kiashiria. Mwandishi ndiye anayeleta kiashiriwa.

3.0 Mazingira ya Kenya na jirani yake

Kiambishi cha Kenya, .ke, kilianza kutumika mwaka 1993. Mwaka 2002 liliundwa shirika la KENIC ili kusimamia usajili wake. Kwa miaka mingi mfanyabiashara alilazimika kusajili jina lenye .co.ke, shirika lisilo la kibiashara .or.ke, na chuo .ac.ke. Mwaka 2017 mlango ulifunguliwa kwa majina yanayoishia moja kwa moja kwa .ke. Kila mlango mpya unapofunguliwa, mwenye jina la zamani hulazimika kuamua: je, asajili pia jina jipya, au amwachie mlanguzi? Kwa mwekezaji hii ni fursa. Kwa mfanyabiashara mdogo wa Garissa ni gharama ya ziada.

Upande wa pili wa mpaka kuna funzo jingine. Kiambishi cha Somalia, .so, kilifunguliwa kwa wasajili wa ulimwengu kati ya mwaka 2010 na 2011. Kwa kuwa herufi hizo mbili ni neno la kawaida katika Kiingereza, kampuni za teknolojia zisizo na uhusiano wowote na Somalia zilivutiwa nazo. Mojawapo ni Notion ya Marekani. Mwezi Februari 2021 huduma yake ilikatika kwa saa kadhaa, chanzo kikiwa tatizo la jina lake la .so. Kisa hiki kinaonyesha kwamba tovuti, hata iwe imejengwa kwa ustadi kiasi gani, husimama au huanguka pamoja na jina lake. Mjenzi asiyekuwa na mamlaka juu ya jina amejenga katika kiwanja cha mwenzake.

4.0 Changamoto za kibiashara

4.1 Malengo yanayokinzana

Mjenzi hufaidika tovuti ikidumu, kwa sababu wasomaji huongezeka polepole. Mwekezaji hufaidika jina likiuzwa, na mnunuzi akijitokeza kesho mwekezaji hana sababu ya kungoja. Tuchukue mfano wa kubuni. Mhitimu mmoja anakubali kujenga tovuti kuhusu maziwa ya ngamia, akieleza yanavyokamuliwa, yanavyohifadhiwa na yanavyosafirishwa kutoka malishoni hadi sokoni. Baada ya miezi 10 tovuti inaanza kupata wasomaji. Mwezi wa 11 jina linauzwa kwa kampuni inayolitaka kwa shughuli nyingine, na kurasa zote zinafutwa. Mnunuzi hakufanya kosa, kwani alinunua jina. Mwekezaji naye hakuvunja ahadi, kwani hakuna ahadi iliyoandikwa. Hasara yote inamwangukia aliyeandika.

4.2 Malipo

Njia za malipo katika biashara hii ni tatu. Ya kwanza ni malipo ya mara moja, ambayo ni salama lakini kwa kawaida huwa madogo, kwa kuwa mwekezaji mwenyewe hajapata chochote. Ya pili ni mgao wa mapato ya matangazo. Tangu Google ianzishe mpango wake wa AdSense mwaka 2003, mwenye tovuti ndogo ameweza kulipwa kwa matangazo yanayowekwa katika kurasa zake. Tatizo ni kwamba akaunti ya mapato huwa kwa jina la mwekezaji, na mwandishi hupokea anachoambiwa kuwa kimepatikana. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Ya tatu ni mgao wa bei ya mauzo, ambao unaweza kuwa mkubwa, lakini hutegemea siku isiyojulikana na bei ambayo mwandishi hataisikia isipokuwa mkataba umlazimishe mwenye jina kuitangaza.

Linganisha na soko la mifugo la Garissa. Pale, dalali husimama kati ya muuzaji na mnunuzi, mnyama yupo mbele ya macho, na watu hujuana kwa ukoo na kwa sifa. Anayedanganya leo atakutana kesho na yuleyule aliyemdanganya. Katika biashara ya majina, mwekezaji anaweza kuwa Dubai, London au Minneapolis, na hukumu ya mahakama ya Garissa isimfikie kwa urahisi. Uaminifu wa sokoni hauhamii mtandaoni wenyewe. Sharti uwekewe maandishi.

4.3 Wingi wa majina na uhafifu wa maudhui

Mwekezaji huwa hana jina moja. Tuseme ana majina 200, na kila jina lina ada ya shilingi 1,000 kwa mwaka. Kabla hajauza hata moja, ameshatumia shilingi 200,000. Akitaka kila jina lipate tovuti ya kurasa 10, zitahitajika kurasa 2,000. Mwandishi makini anayeweza kuandika kurasa mbili nzuri kwa siku atahitaji siku 1,000, yaani karibu miaka mitatu bila kupumzika. Hakuna mwekezaji atakayelipia muda huo. Kinachofuata ni kunakili, kurudiarudia na kujaza maneno.

Mkakati huo ulifaa kwa kitambo tu. Mwezi Februari 2011 Google ilibadilisha mtambo wake wa utafutaji ili kuzishusha tovuti zenye maudhui hafifu. Mwezi Septemba 2012 ikapunguza upendeleo uliokuwa ukipewa tovuti duni ambazo sifa yake pekee ilikuwa kuwa na jina linalolingana na maneno yanayotafutwa. Wawekezaji waliokuwa wamejenga mamia ya tovuti ndogo waliziona zikitoweka katika matokeo ya utafutaji, na wajenzi waliokuwa wakilipwa kwa mgao wakapoteza riziki pamoja nao. Naam, debe tupu haliachi kuvuma, lakini sasa wasikilizaji wamepungua.

Kwa watu wa Kaskazini Mashariki suala hili lina uzito zaidi ya fedha. Kwa wasomaji wengi wa ng'ambo jina Garissa lilisikika kwa mara ya kwanza kwa sababu ya msiba wa tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 walipouawa katika shambulio dhidi ya chuo. Msiba huo ni sehemu ya historia yetu na hauwezi kufutwa. Pamoja na hayo, anayelijaza jina la mji maandishi ya kunakili huendelea kulirudia jambo hilo moja, ilhali soko, mashamba ya kando ya Tana, shule na mashairi ya watu wa eneo hili havitajwi. Mwandishi wa Kiswahili aliye Garissa ndiye anayeweza kuandika yale ambayo mnakili wa mbali hayajui. Hiyo ndiyo bidhaa yake, na hapaswi kuiuza kwa bei ya maneno ya kujaza nafasi.

4.4 Tahajia na umbo la neno

Jina la kikoa linaloandikwa kwa herufi za Kilatini hukubali herufi a hadi z, tarakimu na kistari kifupi. Halikubali nafasi wala ritifaa. Sharti hili dogo lina athari kubwa kwa Kiswahili. Neno ng'ombe, ambalo ni moyo wa biashara ya Garissa, haliwezi kuandikwa kwa usahihi katika anwani. Litakuwa ngombe. Mwanafunzi wa fonolojia anafahamu kwamba tofauti hii ina maana, kwani ng'oa ni kutoa kitu kilichokita mizizi, na ngoa ni wivu au tamaa.

Kukosekana kwa nafasi kunaleta utata mwingine. Mwaka 2009 serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa Kazi kwa Vijana. Maneno hayo yakiunganishwa kama anwani huwa kazikwavijana, na msomaji asiye na habari anaweza kuanza kwa kusoma kazikwa, akashtuka kwamba kuna aliyefariki. Anayenunua majina ya Kiswahili bila kuijua lugha hawezi kuiona hatari hiyo hadi fedha zimekwisha kutoka.

Aidha, Kiswahili ni lugha ambishi bainishi. Mtu anayetafuta mnunuzi wa mbuzi anaweza kuandika nunua, kununua, ananunua, wanaonunua au mnunuzi. Jina lenye umbo moja tu la neno halinasi maumbo mengine. Katika Kaskazini Mashariki kuna pia Kisomali, ambacho maandishi yake rasmi ya Kilatini yalianza kutumika nchini Somalia mwaka 1972. Katika maandishi hayo Garissa ni Gaarisa, Wajir ni Wajeer, Ali ni Cali na Hassan ni Xasan. Mteja anayesoma Kisomali anaweza kutafuta kwa tahajia moja, na aliyesoma shule za Kenya kwa nyingine. Mwekezaji atalazimika ama kusajili tahajia zote, jambo linaloongeza gharama, ama kumlipa mwandishi anayezifahamu na kuzitumia ipasavyo ndani ya kurasa. Hapa utaalamu wa lugha una bei, na mwandishi aidai.

4.5 Sheria

Changamoto ya kisheria ina pande mbili. Upande wa kwanza ni haki ya jina. Utaratibu wa kimataifa wa kutatua migogoro ya majina, uliopitishwa na ICANN mwaka 1999, humruhusu mwenye alama ya biashara kudai jina akithibitisha mambo matatu: kwamba jina linafanana na alama yake kiasi cha kupotosha, kwamba aliyelisajili hana haki nalo, na kwamba lilisajiliwa na kutumiwa kwa nia mbaya. Nchini Kenya, kifungu cha 28 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 kinatoza faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili, kwa anayetumia kimakusudi jina la mwingine mtandaoni bila idhini. Mjenzi anayekubali kazi bila kuuliza asili ya jina anaweza kujikuta shahidi, kama si mshtakiwa. Maneno ya kawaida ya Kiswahili nayo hayana kinga kamili. Kampuni ya Disney ilisajili Hakuna Matata kuwa alama ya biashara ya mavazi nchini Marekani mwaka 2003, na mwaka 2018 watu wengi walitia saini ombi la kupinga usajili huo.

Upande wa pili ni hakimiliki ya maandishi. Wengi hudhani kwamba mwandishi asiye mwajiriwa hubaki na hakimiliki ya alichokiandika. Kwa mujibu wa kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kazi ikiagizwa na mtu mwingine, hakimiliki huchukuliwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa pawepo makubaliano yanayozuia au kuwekea mipaka uhamisho huo. Kwa maneno mengine, kimya humnufaisha mwekezaji. Mwandishi hubaki na haki ya kutambuliwa kuwa mtunzi, lakini utambulisho peke yake haulipi kodi ya nyumba.

4.6 Uhuishaji wa jina

Hatimaye, jina hukodishwa tu. Ada isipolipwa hurudi sokoni na mwingine akalichukua. Mwekezaji mwenye mamia ya majina huacha baadhi yafe kila mwaka kwa kuwa hayajampa faida. Anaweza kuacha life lile lile ambalo mwandishi amelitumikia mwaka mzima, na asimwarifu.

5.0 Mapendekezo

Kutokana na mjadala huu, makala yanapendekeza mambo matano. Kwanza, mwandishi asianze kazi kabla ya mkataba ulioandikwa unaotenganisha jina na maudhui, ili jina likiuzwa aweze kuyahamishia maandishi yake katika anwani nyingine. Pili, sehemu ya malipo itolewe mwanzoni, na mgao wowote uambatane na haki ya kuziona hesabu. Tatu, mkataba umlazimu mwenye jina kumwarifu mwandishi kabla ya kuliuza au kuliacha life. Inafaa pia umpe mwandishi nafasi ya kwanza ya kulinunua. Nne, mwandishi ahifadhi nakala ya kila ukurasa nje ya tovuti. Tano, idara za Kiswahili ziingize katika kozi za uhariri na tafsiri mada kuhusu mikataba, hakimiliki na tahajia za majina ya mtandaoni, na vyama vya wanafunzi viandae mfano wa mkataba kwa Kiswahili ambao mhitimu anaweza kuutumia.

6.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba changamoto za kuwajengea tovuti wawekezaji wa majina zinatokana na mgawanyo usio sawa wa hatari. Mwenye jina hupoteza ada ya mwaka, naye mwandishi hupoteza miezi ya kazi. Biashara hii si haramu wala haifai kupuuzwa, kwani imeleta ujira mahali ambapo kazi za uandishi ni chache. Inachohitaji ni mwandishi anayeelewa kwamba maandishi yake ndiyo mali, na anayeiweka mali hiyo katika daftari kabla ya kuikabidhi. Uwanja huu bado haujachunguzwa vya kutosha. Wanafunzi wenzetu wanaalikwa kuchunguza zaidi tahajia za Kiswahili na Kisomali katika anwani za mtandaoni, na hali ya waandishi wa maudhui katika kaunti nyingine. Kikoa cha wahenga kilidumu kwa sababu kila aliyetoa alijua zamu yake ya kula. Kikoa cha mtandaoni nacho kinahitaji zamu hizo ziandikwe mapema, chakula kikiwa bado hakijapakuliwa.